Anza na ukuta, dirisha baadaye: kulisoma kanisa la kale la kijijini Uingereza

Mtu akifika kwa mara ya kwanza kwenye kanisa la zamani la kijijini Uingereza, jicho hukimbilia madirisha. Si ajabu, ndiyo yenye urembo. Anaona tao lenye ncha, anakumbuka somo la mitindo, anatamka: "Hili ni la karne ya 13." Hapo hapo ameshapotea. Dirisha ni nguo, ukuta ni mwili. Kila kijiji kilipopata pesa kilitoboa ukuta wa zamani na kuupachika dirisha la mtindo wa siku hizo, kwa hiyo ukuta wa karne ya 11 unaweza kuwa na madirisha ya karne ya 15, nayo yakawa yamechongwa upya na mafundi wa enzi ya Malkia Victoria.

Kanisa la parokia la zama za kati ni viraka vitupu. Ukilitafutia tarehe moja hutaipata. Ukitafuta mfuatano, yaani kipi kilitangulia kipi, utaupata, na mara nyingi bila kufungua kitabu. Haya ndiyo yanayosaidia, pamoja na makosa ambayo sisi wa kazi hii tunayaona yakirudiwa kila siku.

Mfano mzuri wa kuanzia ni kanisa la Mtakatifu Martin, Wharram Percy, kwenye vilima vya chaki vya Yorkshire viitwavyo Wolds. Ni gofu, halina paa, na hilo ndilo linalolifaa kwa kujifunzia: hakuna lipu wala mapambo ya kuficha kitu. Kijiji chenyewe kilihamwa. Familia za mwisho ziliondolewa karibu na mwaka 1500 ili ardhi igeuzwe malisho ya kondoo. Uchimbaji wa kiakiolojia ulianza mwaka 1950 na ukaendelea kila kiangazi hadi 1990, chini ya Maurice Beresford na John Hurst, na kanisa nalo likachimbwa mpaka chini ya sakafu.

Walichokuta ni kanisa juu ya kanisa. Chini kabisa kulikuwa na dalili za jengo dogo la mbao, la karne ya 10. Juu yake kikaja kikanisa kidogo cha mawe, kisha kikubwa zaidi katika karne ya 12, chenye madhabahu iliyozungukwa na ukuta wa nusu duara upande wa mashariki. Mwishoni mwa karne hiyo watu wakazidi, ukuta wa kusini ukatobolewa safu ya matao na kuongezwa ubawa wa pembeni, yaani nafasi ya ziada kando ya ukumbi. Karne ya 13 ukaongezwa ubawa wa kaskazini. Halafu mambo yakageuka. Tauni ya 1348 na 1349 ikapita, watu wakapungua, kondoo wakaingia. Mabawa yakabomolewa, matao yakajengewa mawe na kuzibwa. Baadaye hata upande wa madhabahu ukafupishwa.

Simama leo nje ya ukuta ule wa kusini na utaona yote hayo bila kuambiwa. Matao yapo, yamezama ndani ya ukuta kama mbavu chini ya ngozi, na katikati yake mawe ya kuzibia ni ya aina nyingine na mpangilio mwingine. Kanisa limepanuka na kusinyaa kama tumbo. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba makanisa ya kale "yalikua" tu kadiri miaka ilivyokwenda anapaswa kuusimamia ukuta huu kwa robo saa.

Swali linalofuata ni kwa nini kanisa lilibaki kijiji kilipokufa. Jibu limo katika neno parokia. Parokia ya Wharram Percy haikuwa kijiji kimoja, ilikuwa vijiji vitano: Wharram yenyewe, Thixendale, Raisthorpe, Burdale na Towthorpe. Waumini wa Thixendale waliendelea kutembea hadi hapo, mwendo wa kilomita zipatazo 5, mpaka walipojengewa kanisa lao karibu na mwaka 1870. Kanisa la Wharram likaachwa kabisa mwaka 1949, metali ya risasi iliyofunika paa ikaibwa, na mwaka 1959 nusu ya mnara ikaporomoka. Kwa hiyo ukikuta kanisa peke yake shambani, usikimbilie kusema tauni iliua kijiji kizima. Tauni husingiziwa mengi. Wharram ilidumu karne moja na nusu baada ya tauni, na kilichoimaliza ni bei ya sufu.

Sasa kazi yenyewe. Nenda siku ya jua la pembeni, asubuhi na mapema au alasiri ya majira ya baridi, kwa sababu mwanga unaopita sambamba na ukuta huonyesha kila mshono, na jua la saa sita huufuta. Beba utepe wa kupimia, tochi yenye mwanga mkali, na timazi kama unayo. Usiingie ndani kwanza. Zunguka nje mara mbili: mara ya kwanza kwa mbali, mara ya pili ukiwa umeukaribia ukuta kiasi cha kuugusa.

Ukiwa mbali, tazama mnara upande unaolitazama paa. Mara nyingi kuna alama ya V iliyopinduliwa, mstari wa mawe uliochomoza juu ya paa la sasa. Hiyo ndiyo mahali paa la zamani lilipokuwa likikutana na mnara. Paa la kwanza lilikuwa la mteremko mkali, la nyasi au vigae. Karne ya 15 likashushwa na kufunikwa kwa mabati ya risasi, kwa sababu risasi ni nzito na kwenye mteremko mkali hutambaa polepole kushuka na kuchanika. Alama moja hiyo inakupa vitu viwili: mnara ni wa kabla ya paa la sasa, na kijiji kilipata fedha ya kununulia risasi.

Ukiwa karibu, tafuta mshono wa wima. Fundi mwashi akijenga ukuta mmoja hufungamanisha mawe, hili likikalia kiungo cha mawili ya chini yake. Ukiona mstari ulionyooka kutoka chini hadi juu bila kufungamana, hapo ndipo kazi ya kwanza iliishia na ya pili ikaanza. Ukitaka kujua ipi ilitangulia, angalia upande wenye mawe makubwa ya kona yaliyochongwa vizuri: hiyo ilikuwa kona ya jengo, ikimaanisha kwamba wakati fulani jengo liliishia hapo. Upande usio na mawe ya kona ndio mgeni.

Kisha pima unene wa ukuta kwenye mlango au dirisha. Waanglo-Saksoni, waliotawala Uingereza kabla ya 1066, walipenda kuta ndefu na nyembamba, mara nyingi chini ya sentimita 90. Wanorman, waliotoka Ufaransa na kuiteka nchi mwaka huo, walijenga kuta za mita moja na zaidi. Kona za Kisaksoni pia zina tabia yake: jiwe moja limesimamishwa wima, linalofuata limelazwa, hivyo hivyo kwenda juu. Si kanuni isiyovunjika. Ila ukiona ukuta mwembamba, mrefu kupita kiasi kwa upana wake, wenye kona za namna hiyo, una sababu ya kuinamia kabla ya 1066, hata kama madirisha yote ni ya juzi.

Baada ya hapo ndipo ugeukie madirisha. Majina yanayotumika hadi leo yalipangwa na Thomas Rickman mwaka 1817, na mitindo yenyewe kwa ufupi ni hii. Tao la duara, dirisha dogo lenye tundu jembamba nje na kutanuka sana ndani, ni la Wanorman, hadi karibu 1190. Dirisha refu jembamba lenye ncha, kama kisu, ni la kati ya 1190 na 1250. Kuanzia hapo mawe ya juu ya dirisha yanafumwa kwa duara na majani, na baada ya 1300 yanapindapinda kama moto wa kibatari. Baada ya 1350 mistari inanyooka, nguzo nyembamba zinapanda wima hadi kwenye tao lenyewe, na dirisha linakuwa pana mpaka ukuta unabaki kidogo. Miaka hii ni ya miji mikubwa na makanisa makuu. Kijijini fundi aliweza kuchelewa kwa miaka 30 au zaidi, akichonga alichofundishwa ujanani.

Tena kuna mtego wa karne ya 19. Wavictoria walipenda sana mitindo hii, wakaichonga upya makwao na kuisafirisha. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililoanzwa mwaka 1873 chini ya Askofu Edward Steere, limechanganya mtindo wa Kigothi na wa Kiarabu, na ni jengo la juzi. Kwa hiyo tao lenye ncha peke yake si ushahidi wa kitu. Dirisha la kweli la zama za kati huwa na kingo zilizolika, alama za patasi zisizolingana, na mawe ya rangi tofauti. Likiwa limenyooka kama limetoka kiwandani, fundi wake huenda alikuja kwa treni.

Kuna kidude kimoja watu hukipita bila kukiona. Kwenye ukuta wa kusini, karibu na mlango, tafuta tundu dogo la ukubwa wa kidole lenye mistari iliyochorwa kulizunguka, kama miale. Ni saa ya jua. Kijiti kiliwekwa tunduni, kivuli kikaonyesha saa za misa. Sasa, ukiikuta ndani ya ukumbi wa mlango, mahali jua haliwezi kufika, umepata jibu bure: ukumbi ule ulijengwa baadaye. Ukiikuta ukuta wa kaskazini au imepinduliwa, jiwe hilo limehamishwa kutoka mahali pengine.

Ingia ndani. Kanisa lina sehemu kuu mbili: ukumbi wa waumini upande wa magharibi, na patakatifu penye madhabahu upande wa mashariki. Mpaka kati yake haukuwa wa ibada tu, ulikuwa pia wa mfuko. Kwa desturi iliyothibitika Uingereza katika karne ya 13, patakatifu palitunzwa na mwenye kupokea zaka kubwa, yaani rekta, na ukumbi ukatunzwa na wanaparokia wenyewe. Zaka nyingi baadaye zikachukuliwa na nyumba za watawa, zilizokaa mbali na kumweka vika, padri wa niaba yao, afanye kazi kwa malipo madogo. Ndiyo maana unakuta ukumbi wa fahari wenye paa la kuchonga, uliojengwa na wakulima na wafanyabiashara wa sufu, umeungana na patakatifu padogo, pa mawe ghafi, palipoachwa jinsi palivyokuwa. Anayeona ajabu hiyo hudhani pesa ziliisha. Pesa zilikuwepo, ila hazikuwa za mtu mmoja.

Kwenye ukuta wa kusini wa patakatifu kuna kijishubaka chenye beseni la jiwe na tundu la kutolea maji. Padri aliosha vyombo vya misa hapo, maji yakaingia ardhini ndani ya ukuta. Ukikuta beseni kama hilo katika ubawa wa pembeni, hapo palikuwa na madhabahu nyingine, hata kama leo pana kabati la vitabu. Ukilikuta karibu na sakafu, kiasi cha kulazimika kupiga magoti ili ulitumie, sakafu imepandishwa. Likiwa juu ya kifua chako, sakafu imeshushwa.

Tazama pia juu, pale ukumbi unapokutana na patakatifu. Mara nyingine kuna mlango mdogo hewani, mita tatu au nne kutoka chini, usiofika popote. Ulikuwa unatoka kwenye ngazi iliyomo ndani ya ukuta na kufungukia roshani ya mbao, iliyobeba msalaba mkubwa. Roshani hizo ziliamriwa kushushwa mwaka 1561, wakati wa Elizabeth wa Kwanza. Mbao zikaenda, ngazi ikabaki, kwa kuwa kubomoa ngazi ya ndani ya ukuta ni ghali kuliko kuiacha.

Mwishowe nenda kwenye birika la ubatizo, mara nyingi karibu na mlango. Pitisha kidole kwenye ukingo wake wa juu. Ukikuta vipande vya chuma vimezama na kumiminiwa risasi, au mapengo mawili yanayotazamana ambako jiwe limemeguka, umeshika alama ya kufuli. Maji ya ubatizo yalikaa humo muda mrefu, na watu waliyaiba ili wayatumie kwa uchawi, hivyo mwaka 1236 Askofu Mkuu wa Canterbury, Edmund, akaamuru mabirika yafunikwe na kufungwa. Baadaye kufuli ziling'olewa kwa nguvu, na jiwe likameguka. Mara nyingi birika ndicho kitu cha zamani kuliko vyote ndani, lakini pia ndicho kinachobebeka, kwa hiyo halithibitishi umri wa ukuta.

Kuhusu tarehe za kisayansi, neno moja la tahadhari. Kanisa la Greensted, Essex, lina kuta za magogo ya mwaloni yaliyopasuliwa katikati, la mbao lililo kongwe zaidi linalosimama Uingereza. Kwa miaka mingi lilitajwa kuwa la mwaka 845. Upimaji mpya wa pete za miti, ile miduara ya ukuaji wa kila mwaka, ukaonyesha pete ya mwisho iliyosalia ni ya karibu 1053, na kwa kuwa tabaka la nje la mti lilikuwa limechongwa na kuondolewa, lazima kuongeza miaka 10 hadi 55. Kanisa likarukia upande wa pili, hadi ama muda mfupi kabla au baada ya Wanorman kuingia. Pete hukuambia mti ulikatwa lini, tena ikiwa gome lipo. Hazikuambii ulijengewa lini. Na hata magogo hayo si kamili: sehemu za chini zilioza, zikakatwa mwaka 1848 na kukalishwa juu ya msingi wa matofali.

Tuje kwenye yanayoyaua makanisa haya, maana kusoma jengo bila kujua kinachoharibika ni nusu ya kazi. Mwuaji wa kwanza ni saruji. Ukuta wa zama za kati ni nyuso mbili za mawe zilizojazwa kifusi na chokaa katikati. Maji huingia, na hutoka kwa kupitia viungo vya chokaa, ambavyo ni laini na vina pumzi kuliko jiwe. Ukiziba viungo hivyo kwa saruji, maji yanatafuta njia nyingine na kutokea kwenye jiwe lenyewe. Baridi inapofika yanaganda, uso wa jiwe unabambuka tabaka kwa tabaka, na baada ya miaka michache unaona kichekesho kichungu: mawe yamelika kuingia ndani, saruji imebaki imechomoza kama fremu tupu.

Kuitambua ni rahisi. Chukua ufunguo ukwaruze kiungo. Chokaa hutoa unga mweupe au wa rangi ya maziwa, saruji hulia na kuacha mstari wa kijivu.

Msomaji wa Lamu, Kilwa au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa zaidi. Nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa ile ile, tofauti ni kwamba ilichomwa kutoka matumbawe badala ya mawe ya chokaa ya bara. Nazo zikipigwa lipu ya saruji hufura na kubambuka, huku chumvi ikiongeza kazi badala ya baridi.

Dawa ni kurudi kwenye chokaa. Toa saruji kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kusagia, ambayo hukata kingo za mawe. Chimba kiungo kwa kina cha angalau mara mbili ya upana wake, na kisipungue milimita 25. Lowanisha ukuta hadi unywe, kwa sababu jiwe kavu hufyonza maji ya chokaa na kuiacha unga. Changanya kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa na vipimo vitatu vya mchanga mkali wenye chembe ndogo na kubwa, maji yakiwa kidogo iwezekanavyo. Shindilia kwa tabaka. Ikianza kukaza, igonge kwa ncha za brashi ngumu, usiisugue kwa mwiko, maana mwiko huleta ngozi laini juu inayozuia hewa, na chokaa hukaza kwa hewa. Funika kwa gunia bichi kwa siku kadhaa. Chini ya nyuzi 5 usifanye kazi hiyo kabisa. Wanaoharakisha Oktoba ili wamalize kabla ya Krismasi huiona Machi ikimwagika kama unga wa sembe.

Mwuaji wa pili ni mfereji wa paa ulioziba. Mstari wa kijani unaoshuka ukutani ndio dalili yake, na tiba ni ngazi na mikono mara mbili kwa mwaka, Novemba majani yakishaanguka na tena majira ya kuchipua. Wa tatu hukaa ardhini. Karne nyingi za kuzika watu zimepandisha udongo wa makaburini, mara nyingi sakafu ya kanisa sasa iko chini kuliko ardhi ya nje, na unyevu unapenya. Wengi hukimbilia kuchimba mtaro kuzunguka ukuta. Subiri. Misingi ya zama za kati mara nyingi ni mifupi, mtaro wa kina unaweza kuifikia na kuilegeza, na kila kijiko cha udongo hapo kina mifupa ya watu. Wharram pekee ilitoa mifupa ya watu karibu 700. Kibali cha dayosisi na mwanaakiolojia vinatangulia jembe.

Na ukuta wa ndani wenye tabaka nene za chokaa ya kupakwa, usiukwangue kutafuta mawe mazuri chini yake. Kuta hizi hazikukusudiwa kuonekana mawe, zilipigwa lipu na kuchorwa picha za watakatifu, zikapakwa chokaa wakati wa Edward wa Sita katikati ya karne ya 16. Wavictoria walikwangua makanisa mengi mno, na hasira dhidi ya kazi hiyo ndiyo iliyomfanya William Morris aanzishe chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877. Ukiona tabaka limejiinua lenyewe na chini yake pana wekundu wa udongo, uache kama ulivyo, piga picha kwa mwanga wa pembeni, umwite mtu wa kuhifadhi michoro. Hata kitambaa chenye maji kinatosha kuufuta.